Tawi Lililovuliwa Miiba

Mwezi ule wa Aprili 2015, mgeni aliyekuwa na amani mjini Durban alikuwa mti. Sisemi kwa utani. Nenda kwenye ile bustani kongwe ya mimea iliyo juu ya mtaa wa Greyville, waliyoipanda Waingereza enzi za malkia wao, ukaone mti wa kigeni unavyodekezwa. Una kibao chenye jina lake na nchi ulikotoka, unapewa mbolea, unamwagiliwa maji, na majani yake yakishikwa na ukungu bwana mtaalamu anakuja mbio na dawa. Hakuna aliyewahi kuuuliza: utarudi kwenu lini?

Aliyekuwa akiidekeza miti hiyo ni Ruphin, mtu wa Bukavu, Kongo. Kazi yake ilikuwa kupogoa, mkasi haukumtoka mkononi, na wageni walimpita kama wanavyopita benchi. Siku ile ya fujo, wenyeji wakiwasaka wageni mjini, alikuwa juu ya ngazi akiondoa makuti makavu kwenye mchikichi, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Deborah, binti yake wa miaka tisa.

"Papa, masomo ilifunga mapema. Niko peke yangu ku nyumba," mtoto alinong'ona. "Inje kuko batu mingi. Beko naimba. Baliingia mu ile nyumba ya karibu."

Ruphin alijikuta chini, asijue ameshukaje ile ngazi. Mkewe, Marie-Louise, alikuwa kazini Queensburgh, nje ya mji. Huko kulikuwa kumetulia, lakini teksi zilikuwa zimeacha kuingia mjini, na asingeweza kurudi. Wa kumfikia mtoto alikuwa mmoja tu.

"Sikia, mama," alimwambia binti yake. "Funga na komeo. Ingia chini ya kitanda. Mutu akikuita, hata akisema jina yako, usijibu. Ufungulie miye tu. Niko nakuja."

"Nitajua je kama ni weye?"

Simu ikakatika. Alipiga tena, na tena, ikawa haipatikani. Mkasi ukamwanguka, na mkasi ule haukuwa umewahi kumwanguka.

Sasa uelewe alichokuwa akikiogopa. Kutoka bustanini hadi jengo lao katikati ya mji ilibidi avuke daraja la wauza dawa za miti, na tangu asubuhi vijana wenye marungu walikuwa wamelishika. Mtindo wao ulijulikana. Kijana anakunja mkono, anakuonyesha kiwiko, anakuuliza: hiki kwa Kizulu kinaitwaje? Ukijibu vizuri, pita. Ukijikwaa, basi tena.

Deborah alikuwa akijua jibu, alilisikia shuleni. Wiki ile nzima alimfundisha baba yake mezani, sahani zikiwa hazijaondolewa. "Indololwane, Papa. In-do-lo-lwa-ne." Ruphin alivuta pumzi, akatengeneza midomo, kikatoka "indororwane." Akirudia, hivyo hivyo. Huko alikozaliwa r na l zinalala shuka moja, na ulimi wa mtu mzima hausikii fimbo. Deborah alicheka mpaka akashika tumbo. Marie-Louise hakucheka.

MaCele ndiye aliyemwona amesimama chini ya mchikichi kama aliyepigwa na radi. Alikuwa Mzulu wa makamo, mwenzake wa kazi, mama mwenye mdomo mchafu na moyo safi, anayetukana magugu kabla ya kuyang'oa. Ruphin alimweleza kwa Kizulu chake cha kuvunjavunja.

"Usiende," MaCele alisema. "Watakuua."

"Mtoto yuko peke yake."

"Ningekusindikiza, lakini jana nilimficha jirani yangu Mmalawi, na vijana wa mtaani kwetu walioko darajani sura yangu wanaijua. Nikienda na wewe nitakuongezea balaa." MaCele alitema mate. "Eish. Basi utakwenda bila mdomo."

Alimvuta mkono hadi nyuma ya kitalu, kwenye mti ambao Ruphin aliupogoa kila mwaka na kuulaani kila mwaka kwa sababu ya miiba yake. Wazulu wanauita umlahlankosi. Ni ndugu wa mkunazi. Mtu wao akifa mbali, ajalini au hospitalini, jamaa huenda na tawi la mti huo pale alipokata roho, wakamwita, wakamrudisha kwao juu ya tawi. Ruphin aliwahi kuwaona watu wakija getini, wamevaa nyeusi, kuliomba.

"Anayelibeba haongei na aliye hai," MaCele alisema huku akichagua tawi. "Wakikuamkia, nyamaza. Wakikutukana, nyamaza. Usigeuke nyuma, usilitue chini. Hata mhuni ana bibi aliyerudishwa nyumbani hivi, hatakugusa. Ukifika ndipo unamwambia marehemu: tumefika."

"Na marehemu ni nani?" Ruphin aliuliza. Alikuwa mtu wa kanisa, na mchezo wa namna hii ulimtia baridi.

"Omba asiwepo," MaCele alijibu, akakata tawi, akampa, akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo kumletea blanketi la kufunika ovaroli ya kazi.

Hapo ndipo Ruphin alipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote katika mji ule. Pale bustanini kulikuwa na amri: tawi la miiba halipitishwi kwenye njia za wageni kabla ya kusafishwa, maana kuna mwanafunzi aliwahi kuchomwa jichoni. Akili ya Ruphin ilikuwa chini ya kitanda pamoja na Deborah. Mikono yake ilikuwa imebaki kazini. Iliokota mkasi, ikaanza shinani, ikapanda mpaka nchani, mwiba baada ya mwiba, kwa ustadi uleule aliosifiwa nao kila mwaka. MaCele aliporudi, mlinzi alikuwa akipiga kelele kwamba anafunga geti, naye akamtupia blanketi mabegani na kumsukuma nje. Hakuna aliyelitazama tawi.

Ruphin aliteremka mjini akilishika mbele ya kifua kwa mikono yote miwili. Na lilifanya kazi! Mzee mmoja alivua kofia. Wanawake wawili walishuka kwenye ukingo wa njia wampishe. Kundi la watu waliobeba runinga zisizo zao lilinyamaza lilipomwona, likampa njia, kisha kelele zikaanza tena nyuma yake. Hakugeuka. Duka la simu la Peguy, rafiki yake wa siku nyingi, halikuwa na mlango wala kioo, na Peguy hakuonekana. Ruphin alitamani kuita jina lake. Alimeza mate, akapita.

Alijaribu kusali, lakini sala zote alizozijua zilikuwa za Kiswahili na Kifaransa, akaogopa midomo isije ikacheza. Akabaki na maneno machache tu kichwani: niko nakuja, mama, niko nakuja.

Darajani wauza dawa wachache walikuwa bado wamekaa na magome na mizizi yao, kwa sababu mtu akiwa na bidhaa hana pa kukimbilia. Vijana walikuwa katikati ya njia. Mmoja alinyanyua mkono tayari kuukunja, mwenzake akampiga bega.

"Mwache. Hulioni tawi?"

Wakafungua njia. Ruphin alikuwa ameshawapita wawili, amebakisha mmoja, wa kofia nyekundu, ambaye hakusogea. Alikuwa analitazama tawi kwa makini, shingo ameiinamisha.

"Miiba yake iko wapi?"

"Bibi yangu alinionyesha," kofia nyekundu aliwaambia wenzake. "Mwiba mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama ndoana. Huo uliopinda ndio unaomshika marehemu asianguke njiani. Sasa hili linamshika nani? Wewe! Unamshika nani?"

Ruphin alishusha macho, akaliona tawi kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhiwa. Lilikuwa safi kama fimbo ya mwalimu, na kila palipokuwa na mwiba palikuwa na kidonda kibichi cha mkasi. Alijua ni mikono yake. Alifikiri kukimbia, miguu ikakataa; alifikiri kusema, akalisikia neno lile likimsubiri mdomoni, limepinda tayari. Hakuwaza maumivu. Alichokiwaza ni kwamba akifia hapa, Deborah ataendelea kulala chini ya kitanda akingoja sauti isiyokuja, kwa sababu yeye baba yake ndiye aliyemwambia asimfungulie mwingine.

"Ongea!" kofia nyekundu alisema, na rungu likapanda.

"Mtamwamsha."

Alikuwa mwanamke mmoja wa wale wauza dawa. Alinyanyuka polepole, akajipangusa vumbi la magome kwenye aproni, akaja mpaka kifuani kwa Ruphin. Alilishika tawi nchani. Alivitazama vidonda vya mkasi. Alizitazama buti zenye udongo mweusi wa bustani, akapandisha macho hadi usoni, na Ruphin akajua kwamba mama huyu ameshaelewa kila kitu.

"Nyinyi hamkufunzwa kwenu?" aliwageukia vijana. "Hili ni tawi la mtoto mchanga. Nani anamshika mtoto mchanga kwa miiba? Au bibi yako hakukufikisha hapo?"

Wazulu hawana desturi hiyo. Mama yule aliitunga palepale, juu ya daraja, kwa uso mkavu. Lakini aliuza dawa pale tangu vijana hao hawajazaliwa, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Rungu lilishuka. Kofia nyekundu aliivua kofia yake, akainama, akaliomba tawi msamaha.

Msamaha ule ulimtisha Ruphin kuliko rungu. Kisha mama akaileta midomo yake karibu na majani, akasema kwa upole, "Nenda, mtoto. Baba yako anakupeleka nyumbani."

Ruphin alivuka daraja akihisi tawi limekuwa zito. Alijiambia ni maneno tu, ni uongo wa kumwokoa. Lakini mtoto aliyemjua yeye alikuwa mmoja. Alitaka kulitupa jalalani, akaogopa: na kama kweli kuna aliyekaa juu yake? Alitaka kukimbia, akaogopa wa nyuma wanamtazama. Akatembea, machozi yakimtoka, na kila aliyekutana naye alidhani ni ya msiba.

Mlango wa chini wa jengo lao ulikuwa umelala sakafuni. Ngazini kulikuwa na kiatu cha mtoto, si cha Deborah, akakipindua mara mbili kuhakikisha. Kulikuwa na sufuria ya ugali iliyomwagika, bado ikitoa mvuke. Milango ya ghorofa yao ilikuwa wazi, mmoja, mwingine, mwingine, na ndani kimya. Mlango wao peke yake ulikuwa umefungwa, ukiwa na alama ya buti katikati.

Alibisha kwa kidole. "Deborah."

Alibisha tena.

"Deborah, mama. Ni miye, Papa. Fungula."

Kimya. Huko chini kundi jingine lilikuwa likiingia; alisikia vioo vikikanyagwa na mtu akicheka. Ruphin alibandika sikio kwenye mlango. Hakusikia hata pumzi. Tawi alikuwa bado amelikumbatia, na yale maneno ya MaCele yakamjia, ya kumwambia marehemu mkifika. Aliuma meno yasitoke. Hakuwa tayari kuyasema, si leo, si kwenye mlango huu.

Ndipo sauti ndogo ikatoka upande wa pili, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Kama ni weye Papa, sema kiwiko."

"Deborah, batu banakuja..."

"Sema ya Kizulu. Kama nakufundishaka."

Hatua zilikuwa zimefika ghorofa ya kwanza. Ruphin alitazama ngazi, akatazama mlango. Alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, na kwa sauti ambayo yeyote ngazini angeisikia akalisema lile neno ambalo jioni zote lilimshinda.

"Indororwane," alisema. "Indororwane, mama. Indororwane."

Komeo likavutwa.