Rimoti Mfukoni mwa Bosi

"Ongeza mwanga," Bosi alisema kutoka kwenye sofa la wateja.

Fundi hakugusa kitu. Mwanga ukaongezeka.

"Hapo! Mama, unaiona hiyo picha? Rangi zinaita, au haziiti?"

Mama aliyeketi kando yake alikuwa mwalimu mstaafu, mkoba ameupakata, macho ameyakaza kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Aliyekuwa pale ni pacha wake, aliyefariki miezi miwili iliyopita. Picha yenyewe ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki, ya kitambulisho, imepauka na kuvunjika kwenye mkunjo wa katikati. Fundi alikuwa ameihangaikia siku tatu, kuirudishia sura na rangi.

Kompyuta ya Fundi ilikuwa na kadi yenye matundu mawili ya kutolea picha. Waya mmoja ulikwenda kwenye skrini ndogo mbele yake. Wa pili ulipanda hadi darini, ukateremka kwenye televisheni, ili mteja aone kazi kabla haijachapwa. Picha ilikuwa moja, lakini nyuso zilikuwa mbili. Kwenye skrini ndogo, ambayo Fundi aliipima rangi kila Jumatatu kwa kipande cha karatasi ya kijivu, marehemu alikuwa mweusi, mkavu kidogo mashavuni. Ukutani alikuwa kama papai lililoanza kuiva.

Televisheni ilitoka dukani na rangi zilizopandishwa ili imvute mpita njia. Siku ya kwanza Fundi alizishusha. Siku ya pili Bosi alizipandisha, akaitia rimoti katika mfuko wa shati, na tangu hapo haikutoka humo ila kwa mkono wake. Wateja walisifu picha ya ukutani, wakapokea karatasi yenye rangi nyingine, wakarudi wamefura. Naye Bosi aliwaambia, mbele ya Fundi, "Huyu fundi wangu! Nimemwambia mara ngapi?" Barua mbili za onyo zilikuwa tayari kwenye faili. Ya tatu, ya kumwachisha kazi, ilikuwa imechapwa asubuhi hiyo. Fundi aliiona kwenye meza ya Bosi. Ilikuwa kamili, ila tarehe tu ndiyo iliyoachiwa nafasi.

"Huyu si mwenzangu," mwalimu alisema.

Bosi aliruka. "Fundi! Si nilikwambia? Samahani mama, macho ya huyu yamechoka. Atarudia."

"Kumi na moja," Fundi alisema.

"Kumi na moja nini?"

"Picha zilizorudishwa tangu televisheni hii ije. Zote zilipitishwa hapo ukutani. Miaka sita kabla yake zilirudi mbili."

"Kumbe unanihesabia?"

"Naandika tu."

"Usinivunjie heshima mbele ya mteja!"

"Yangu umeivunja mbele ya wateja kumi na mmoja, Bosi. Mmoja mmoja." Sauti yake haikupanda. Akaachia kipanya. "Mwalimu, nakuomba upite huku."

"Wateja hawapiti nyuma ya meza!"

Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Nimesahihisha mitihani miaka thelathini, mwanangu. Mwenye majibu yake haogopi kukaguliwa."

Akazunguka meza. Aliinama mbele ya skrini ndogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanyoosha mkono, mgongo wa kiganja karibu na shavu la marehemu. Ni mkono uleule ambao Fundi, siku ya kwanza, alimwomba auweke mezani penye mwanga wa dirisha, akaukazia macho huku akitafuta rangi. Ngozi na shavu havikuachana rangi.

"Ndiye," alisema. "Amenuna. Hakuwahi kupigwa picha bila kununa." Alicheka kidogo. Akageukia ukuta. "Sasa yule pale ni nani?"

"Ni mwanga tu, mama. Mambo ya kitaalamu."

"Mwanga wa nani?"

Bosi aligusa mfuko wa shati. Mwalimu aliuona mkono huo kama alivyoona maelfu ya mikono ikificha vikaratasi chini ya dawati. Akatandaza kiganja. "Lete."

"Mama, hii ni mali ya ofisi."

"Na yule ni dada yangu."

Bosi hakutoa. Fundi aliinama nyuma ya kompyuta, akapapasa, akachomoa waya wa pili. Papai likazimika. Akaweka karatasi kwenye printa, ile nzito, akabonyeza kuchapa.

Bosi alikwenda mezani kwake, akachukua kalamu, akajaza tarehe. Akaileta barua na kuiweka juu ya kibodi. "Tia sahihi."

"Ngoja kwanza itoke," Fundi alisema, na haikujulikana alimjibu yeye au alimwambia mwalimu, aliyekuwa amevuta kiti na kuketi mbele ya printa.

Ukutani, maneno "Hakuna mawimbi" yalitangatanga kutoka pembe hadi pembe. Bosi alitoa rimoti, akabonyeza. Akabonyeza tena, safari hii akiwa ameisogelea kabisa.

Karatasi ilitoka polepole, mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, nyusi zilizokunjamana. Mwalimu aliweka viganja viwili chini yake, isije ikaanguka.