Kosa la Kuazima

Mwalimu Kagwe alituambia, sisi kina mama wa darasa la watu wazima pale Ruiru, tuandike insha: somo ulilolipata maishani kwa kosa lako mwenyewe. Atakayewashinda wenzake ataenda Thika kusomea ualimu wa kina mama. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nyama ya Krismasi.

Shida ilikuwa moja tu. Kosa sikuwa nalo.

Nilitafuta juma zima huku nikichuma kahawa. Nikapata makosa ya mama mkwe, ya nyapara, ya Waithira anayekaa nyuma yangu darasani akinitafunia muwa masikioni. Langu, hakuna. Nikamwuliza mume wangu, Dismas.

"Tuanze siku ya harusi?" akasema, akivuta kiti.

Nikamwambia anyamaze. Mtu unamwuliza swali dogo, yeye anavuta kiti.

Basi nikaazima kosa lake. Alipoleta ng'ombe wa mahari kwetu, alishiba, akalala fofofo nyumbani kwa mama yangu, akakoroma. Kwetu Wajaluo, mwanamume kulala nyumbani kwa mama mkwe wake ni aibu kubwa. Alitozwa mbuzi. Nikaandika kwamba ni mimi niliyelala kwa mama mkwe wangu, nikatozwa mbuzi, na tangu siku hiyo nimejifunza kula kwa kiasi.

Jumamosi nikaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kanisani. Mwalimu Kagwe, Mkikuyu wa Gatongora, hata akafuta macho. Ndipo Wilkister, Mjaluo mwenzangu, akainua mkono.

"Mwalimu, mwanamke kulala kwa mama mkwe wake si kosa. Sote tulipoolewa tulilala huko. Huyo mbuzi ni wa Dismas, nilikuwepo akiliwa."

Darasa zima likacheka. Waithira alipaliwa na muwa. Niliona haya mpaka miguu ikawa baridi.

"Mama Odhiambo," mwalimu akasema, "Jumatatu niletee kosa lako."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamkuta Dismas anakunywa chai. Nikamvutia kiti mwenyewe.

"Haya, anza siku ya harusi."

Alisema mpaka chai ikapoa. Mengine niliyabishia, mengine yakaniliza, na moja nikaliandika: kwamba sijawahi kumwuliza mtu swali nikangoja jibu.

Thika nilienda. Dismas alinibebea sanduku hadi stesheni, na gari moshi lilipoanza kuondoka alikuwa anakimbia kando ya dirisha, amekumbuka lingine. Nikafungua dirisha nimsikie.