Viti Vinavyotazama Dirisha

Tauno Kuisma alimaliza kusukuma theluji ya sokoni kabla maduka hayajafunguliwa, akaliegesha gari la theluji karakanani na kuomba ruhusa ya muda mfupi. Haikuwa mara ya kwanza, na mwenzake Reijo hakuiacha ipite bure.

"Leo tena kwa mganga wa vichwa? Mzee, mwisho utalazwa wewe."

"Wakinilaza, zamu zangu zote ni zako."

Reijo alicheka, akammiminia kahawa. Bei yake ilikuwa imepanda tena. Siku hizi waliichemsha nyepesi kiasi kwamba chini ya kikombe palionekana.

Saimi, binti wa Tauno, alimsubiri mlangoni pa nyumba akiwa tayari amevaa kofia. Moyo wa Tauno ulitulia, kama kila mara alipomwona nje ya chumba chake. Msimu wa baridi uliopita msichana huyo alijifungia humo, akaacha shule, akaacha hata kuja mezani. Nyumbani walikuwa wawili tu, maana mama yake alikwisha kuhamia Uswidi. Tauno alifanya alivyofundishwa na wazazi wake: mwenye huzuni huachwa kwa amani. Alimwekea sahani mlangoni, akanyata kwa soksi asimsumbue, akapunguza sauti ya redio. Aliamini kwamba huo ndio upendo wenyewe. Upande wa pili wa mlango, Saimi alizisikiliza nyayo zikienda mbali, akaamini kwamba baba amemkatia tamaa.

Aliyeligundua kosa hilo ni Hilkka Ronkainen, mwanasaikolojia wa kliniki ya vijana. Hakuwakalisha uso kwa uso. Alipanga viti vitatu kwa mstari, vikitazama dirisha, na nje ya dirisha hakukuwa na chochote ila uwanja wa magari na lundo la theluji. "Macho yapumzike huko," alisema. "Maneno yatajileta yenyewe." Sharti lake lilikuwa moja: humu ndani mtu hasemwi kana kwamba hayupo. Ukiwa na neno juu ya mwenzako, mwambie mwenyewe. Mwanzoni walitazama lundo na kunyamaza, na Hilkka alinyamaza pamoja nao bila haraka. Kisha siku moja Saimi akaliambia dirisha, "Baba, kwa nini hukuwahi kugonga?" Tauno alilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. Kuanzia siku hiyo alikuwa akigonga.

Asubuhi hii viti vilikuwa vimegeuzwa kuizunguka meza. Bwana Pesonen, mratibu kutoka ofisi ya ustawi, alikuwa amekwisha kufungua kompyuta yake. Hilkka alikaa kando, mikono mapajani.

"Nina habari njema," alisema Pesonen. "Binti amerudi shuleni, analala, anakula. Waliopona huwapisha wengine. Nahitaji tu kauli ya mzazi ili nifunge faili lake."

"Ndiyo kwanza anaanza kusimama," Hilkka alisema. "Ukimwondolea egemeo sasa..."

"Hilkka, hilo tumeshaliongea. Bwana Kuisma, hali yake ikoje? Bado anajifungia?"

Tauno aliona kwamba swali hilo lilimwachia mlango wazi. Akisema bado, nafasi yao ingebaki. Ulikuwa uongo mdogo, na nani angemlaumu? Lakini Saimi alikuwa amekaa palepale, akichezea nyuzi za glavu yake, akingoja kusikia baba anamwona mtu wa namna gani.

Tauno aliinuka, akakigeuza kiti chake kielekee dirishani. Saimi akamtazama, kisha akageuza cha kwake. Hilkka naye akafuata. Pesonen alibaki peke yake na meza.

"Saimi, mwanangu," alisema Tauno, "juzi uliniambia uji wangu unafaa kuzibia mashimo ya barabara."

"Unafaa, baba. Nikudanganye?"

"Nilifurahi kutwa nzima. Mtu hamtanii mtu aliyemchoka. Siwezi kukuita mgonjwa ili tupewe kiti. Unaendelea vizuri. Mimi ninaogopa, lakini wewe unaendelea vizuri."

Nyuma yao vidole vilisikika vikibonyeza. "Ahsante," alisema Pesonen. "Basi, tumefunga."

"Na nikianguka tena?" Saimi aliuliza bila kugeuka.

"Mtaomba upya. Kwa sasa foleni inafika majira ya vuli."

"Kumbe nikitaka kushikwa mkono, sharti nizame kwanza."

Pesonen aliifunga kompyuta yake. "Taratibu hizi sikuzitunga mimi," alisema, na huenda ilikuwa kweli.

Mlangoni, wakivaa viatu, Tauno aliyatafuta maneno ya shukrani asiyapate. Hilkka alimshika kiwiko.

"Endelea kugonga," alisema. "Nawe Saimi, uwe unamfungulia mzee."

"Akija na uji, simfungulii."

Mchana theluji ilianza upya, nzito. Uwanja wa kliniki ulikuwa umeondolewa kwenye njia ya Tauno, kwa kuwa ofisi ilikuwa ikibana matumizi. Wazazi waliburura vigari vya watoto humo kwa taabu. Kampuni nayo ilikataza abiria ndani ya gari la theluji. Tauno alisimama langoni pa shule, akampandisha Saimi, akakata kushoto mahali alipotakiwa kunyoosha, na kushusha sepetu la chuma lililo mbele ya gari. Walisukuma uwanja mzima mpaka lami ikaonekana. Hilkka alitokea dirishani, akainua mkono. Tauno aliwasha taa na kuzizima, akaziwasha tena. Hayo ndiyo maneno aliyoyakosa asubuhi.

"Watakufukuza, baba."

"Basi waje wairudishe theluji yao."

Saimi akacheka. Walikaa bega kwa bega, wote wawili wakitazama kioo cha mbele. Ukimya ulipokuja, Tauno aliuacha ukae, kama alivyofundishwa na Hilkka.

"Baba," alisema Saimi, macho yake yakiwa barabarani. "Leo darasani kuna jambo limenipata."

Tauno alizima redio, akapunguza mwendo.