Bunduki ya Avril na Punje za Risasi

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tano Februari, saa nane na robo mchana, katika ukumbi wa kijiji, mbele ya sahani ya biskuti. Nilikwenda pale kwa jambo moja tu: kuomba ruhusa bunduki ya mke wangu iendelee kupigwa.

Avril alikufa miaka miwili iliyopita. Bunduki aliirithi kwa baba yake, ya mitutu miwili, ya kizamani. Fundi yeyote wa hapa Lincolnshire atakwambia kwamba ukiitia katriji za punje za chuma, mitutu itavimba. Inataka punje za risasi, madini laini, kama ilivyozoea tangu ilipotengenezwa. Sasa wakubwa wa London wameamua madini hayo ya risasi yapigwe marufuku. Watu ambao hawajawahi kuingiza buti kwenye tope letu.

Kwetu Februari ni mwezi wa kuwinda njiwa pori wanaokula mazao. Kila Jumamosi mashamba yote hupiga kwa pamoja, saa njiwa wanaporudi msituni kulala, ili wakifukuzwa kwa huyu wasipate pa kutua kwa yule. Ukikosa zamu yako unawaharibia wenzako. Avril alisimama kwenye mfereji ule ule miaka thelathini na minane. Alipoondoka nikasimama mimi, na bunduki yake. Sikujisikia vizuri wala vibaya. Nilisimama tu. Lakini angalau palikuwa mahali pa kwenda.

Ukumbini nilikaa na jirani yangu, Derrick Maltby.

"Wilf, leo umevaa tai? Umekuja kuposa?"

"Nyamaza wewe."

"Yule mama wa serikali ana pete. Nakwambia mapema, usije ukaaibika."

Mama mwenyewe aliitwa Bi. Pocklington. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Pole sana, mzee," akasema. "Hakuna msamaha kwa bunduki kuukuu. Ila kuna katriji za madini mengine laini, bismuthi. Hizo hazitaidhuru."

"Bei yake umeiona, mama?" Derrick akadakia. "Kwa bei ile itabidi njiwa mwenyewe achangie!"

Watu wakacheka. Mimi nikauliza risasi imewakosea nini. Tumeipiga tangu enzi za mababu, na njiwa hawajaisha.

Hapo ndipo aliponipa karatasi. Ilikuwa na picha ya eksirei ya njiwa aliyekwisha kunyonyolewa, tayari kwa kupikwa. Punje tatu zilionekana wazi. Kuzizunguka, nyama yote ilikuwa na nukta nyeupe, kama chumvi iliyomwagika.

"Hizo nukta pia ni risasi," akasema. "Punje ikipita kwenye nyama inameguka. Ukiitoa punje, vumbi linabaki. Huwezi kuliona, na halina ladha."

"Na mtu akila?"

"Inategemea kiasi, na miaka. Huingia kwenye damu, kwenye mifupa. Kwenye figo."

Avril alikufa kwa figo.

Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi. Atakayeuma punje huiweka ukingoni mwa sahani, na siku hiyo haoshi vyombo. Mimi niliziuma karibu kila Jumapili. Yeye hakuwahi hata moja. "Zangu nazimeza," alikuwa akisema, "ndiyo maana mikono yangu haikauki maji ya vyombo." Tulicheka kila mara, maneno yale yale. Pai ya njiwa aliowapiga mwenyewe, mimi nikiwanyonyoa. Hospitali waliniuliza kama alivuta sigara, kama alikunywa pombe. Kuhusu njiwa hawakuuliza, na mimi sikusema.

Sisemi ndicho kilichomuua. Mimi shule niliacha nikiwa na miaka kumi na mitano, nikaenda kupakia viazi. Sijui.

"Hii picha ilipigwa lini?" nikauliza.

Akaigeuza karatasi. "Ni ya zamani kidogo."

"Kidogo ni lini?"

"Utafiti umekuwepo kwa muda, mzee wangu."

"Muda gani?"

Derrick akanivuta koti. "Kaa chini, Wilf."

"Nimekaa," nikasema. Kumbe nilikuwa nimesimama.

Jumamosi Derrick alikuja kunigongea, mbwa wake akibweka njiani.

"Twende, bwana! Marufuku yenyewe bado haijaanza, na katriji unazo kabati zima. Mfereji wa Avril ukibaki wazi njiwa wote watapenya hapo."

"Nenda tu."

"Utawaachia hawa watu wakushinde?"

"Nenda, Derrick."

Nikaitoa bunduki, nikaipangusa mafuta, nikairudisha, nikafunga. Milio ya majirani niliisikia nikiwa jikoni. Ile ruhusa niliyokwenda kuiomba, hata wangenipa leo, sijui ningeifanyia nini. Nawalaumu wakubwa wa London kwa kuileta sheria hii. Nawalaumu zaidi kwa kuchelewa nayo, na yote mawili nayasema kwa pumzi moja, bila hata kukasirika.

Niliwaandikia. Wakajibu kwa barua nzuri, wakanishukuru kwa maoni yangu, wakanitumia orodha ya maduka yanayouza katriji mpya. Nikawaandikia tena, mara hii mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa ili wasiseme hawakusoma:

Mlijua tangu mwaka gani?