Kauli ya Kutendea

Jumanne hiyo, katika shule moja ya msingi juu kidogo ya soko la Ekerenyo, Mwalimu Roselyne alikuwa akiwafundisha Gredi ya Sita kauli ya kutendea. Mama akikupikia, alieleza, amepika kwa ajili yako. Baba akikulimia, jasho ni lake na mahindi ni yako. Kisha akauliza nani atamtungia sentensi kwa kitenzi "ona".

Mokeira, ambaye hakuwa na desturi ya kuinua mkono, aliuinua.

"Lavender ananionea," akasema.

Darasa zima lilijua anasema nini. Lavender, aliyeketi nyuma yake, alikuwa akimfinya, akimbebesha mkoba na kumlia chakula tangu muhula wa kwanza. Nyumbani, kwa Ekegusii, jambo hilo lina neno lake na macho hayamo kabisa, lakini shuleni hapo mtoto alishtaki kwa Kiswahili au hakushtaki. Mokeira alikuwa ameshtaki.

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Roselyne. "Yaani anaona kwa niaba yako. Mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia. Lavender naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Sarufi haina mzaha. Jioni hiyo Lavender alikuwa kwao akitazama televisheni, mara akaona majani chai, kikapu, na vidole vyembamba vya Mokeira vikichuma. Macho ya Mokeira hayakupungukiwa na kitu. Ila kila yalichokiona, Lavender alikiona pia. Mama yake alimpeleka kwa daktari wa macho Kisii mjini.

"Hii macho ya mtoto inaona boma ya wenyewe," mama akasema.

Daktari alimmulika, akauliza kama kuna mtu ambaye Lavender anamwonea. Mama akajibu kwamba labda kuna mwenzake wa darasa, lakini ni mchezo wa watoto tu.

"Basi ni hiyo," daktari akasema. "Wakimaliza shule itaisha. Mpatie karoti."

Karoti alikula, na macho hayo akayapatia kazi. Chakula cha Mokeira alikijua tangu kikitiwa mkebeni. "Leo ni viazi vitamu na parachichi," aliwatangazia wenzake langoni, mkebe wenyewe ungali unashuka mlima. Mokeira naye hakulala. Kila jioni, saa ya chakula kwa kina Lavender, alikwenda zizini na kukodolea macho mavi ya ng'ombe, taratibu, bila haraka yoyote. Lavender alikonda kidogo. Zilikuwa jioni tamu sana, hata nyanya yake Mokeira, Drusilla, akamuuliza mavi yana kichekesho gani.

Lakini mavi hayakuwa dawa. Mokeira alitaka Lavender aache. Alikuwa amegundua kwamba kila alipoumizwa alifumba macho, kwa hiyo Lavender alikuwa ameona kila kitu isipokuwa hicho. Akamweleza nyanya yake, aliyekuwa akimenya ndizi za kupika.

"Sasa unafumba ya nini?" nyanya akasema. "Nyani haoni kundule. Wewe muonyeshe."

Kesho yake mchana, nyuma ya tangi la maji, Lavender alimshika sikio akalipinda. Mokeira aliuma meno, akafungua macho na kumtazama usoni. Lavender akasita. Kwa mara ya kwanza alijiona: kutoka chini, mkono umeinuka, mdomo umepinda, na sikio la mtu kiganjani. Akajitazama kwa muda mrefu. Moyo wa Mokeira ulijaa matumaini hata maumivu akayasahau.

"Kumbe kola yangu imejikunja hivi?" Lavender akasema. "Na we unaniangalia tu tangu asubuhi. Si ungeniambia."

Akaliachilia sikio ili apate mikono yote miwili. Akanyoosha kola, akapangusa chaki shavuni, akageuka upande huu na upande ule. Aliporidhika, akalishika tena.

Shule ile haikuwa na kioo. Tangu siku hiyo, kila mchana, Lavender humwita Mokeira nyuma ya tangi. Mokeira hafumbi macho tena, na hilo analionea fahari, maana si kila mtu angeliweza. Mwalimu Roselyne, akiwaona wamesimama uso kwa uso, amewaambia walimu wenzake kwamba wale wawili wamepatana.

Lavender hujitengeneza nywele na kola, na kusema kweli hupendeza. Kisha humfinya, huku akijitazama.

"Usilie, bana," humwambia. "Sijioni vizuri."

Na Mokeira hupangusa macho.