Kunyamaza kwa Kisebusebu

Mbwa alinyamaza ghafla, nami nikadhani nimeshinda.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda changu cha kusukia, yeye nimembana katikati ya magoti kama nilivyobana vichwa vya wasichana wa mtaa mzima kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa amebweka, amejinyonganyonga, amekwaruza sakafu kwa kucha. Kisha kimya. Kakauka kama gogo, macho yametoka upande, weupe mtupu.

"Umeona?" nikamwambia. "Ni kukubali tu."

Nikachukua mkasi. Hapo nikahisi gauni langu linalowa maji ya moto, na kabla sijaelewa kwamba ni mkojo, aligeuka akaning'ata kiganja, chini ya kidole gumba.

"Mwache!"

Sauti ilitoka chumba cha pili. Mkono unachuruzika damu, mbwa amekwisha kimbilia uvunguni, na mimi nimesimama nimeduwaa, kwa sababu hilo lilikuwa neno la kwanza kamili kutoka kinywani mwa wifi yangu tangu kiharusi kimwangushe miezi mitatu nyuma.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na miaka arobaini tuliishi kama paka wawili katika gunia moja. Siku niliyoingia kwao bibi harusi, alinitazama mikono akasema, "Kaka ametuletea mikono ya kufulia magunia." Nikamjibu, "Na mimi nimekuta ulimi wa kunolea visu." Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa mawifi. Ulikuwa utani, na haukuwa utani. Hakuniruhusu kumgusa nywele hata siku moja. Alisukwa mtaa wa tatu, na akishasukwa alirudi kwa kupita mbele ya mlango wangu, taratibu, nimwone.

Hakuolewa, hakuzaa. Alipostaafu akapata kale kambwa, keupe, manyoya kama pamba isiyochambuliwa, akakaita Kisebusebu. Jina lilimstahili. Angekuja mwenyewe kulaza kichwa mapajani pako, ukiinua mkono umpapase, huyo, kakimbia. Kisebusebu na kiroho papo. Wifi peke yake ndiye aliyeweza kumchana, kila jioni, bila kumshika.

Kiharusi kilipochukua mkono wake wa kulia na maneno yake, nikasema mleteni kwangu. Majirani wakasema nina moyo mzuri. Sikuwakatalia. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamwosha kila asubuhi, na niliwaambia wote waliouliza, "Hanisumbui hata kidogo. Ametulia kama maji mtungini."

Mbwa alikuja naye, akalala kitandani kwenye ule mkono uliopooza. Hakukubali mtu mwingine amchane. Katika miezi mitatu manyoya yakasokotana, yakawa vifundo vigumu nyuma ya masikio na kwapani, na chini ya vifundo ngozi ikawa nyekundu, ikatoa harufu.

Muuguzi alikuwa akija kila Jumamosi kumsafisha wifi kidonda cha mgongoni. Jumamosi ya kabla sijaumwa aliinua shuka, akaona viroboto.

"Bibi, hili haliwezekani. Mgonjwa ana kidonda wazi." Akavua glavu. "Nakupa wiki moja. Jumamosi nimkute mbwa huyu safi, na nimshike kwa mkono wangu nimkague. La sivyo aondoke."

"Aende wapi, mwanangu?"

"Hilo mtajua wenyewe."

Daktari wa mifugo alikwishasema moyo wa Kisebusebu ni dhaifu. Akimpiga sindano ya usingizi ili amnyoe, huenda asiamke. Na nani angechukua mbwa mzee, mgonjwa, asiyegusika? Sote tulijua mbwa wa namna hiyo hupelekwa wapi. Wifi alisikia kila neno. Akageuza uso ukutani, na uji wa siku ile na wa siku ya pili nikaurudisha jikoni umeganda utando. Mbwa angetoka mlangoni, yeye angefuata. Hesabu hiyo hata mimi wa shule ya msingi niliiweza.

Ndiyo maana Jumatatu nikachukua kigoda.

Nilipotoka zahanati, mkono umefungwa bandeji, nikampigia simu binti yangu. Yeye hukaa mbali, na kichwa chake hukinyoa kama mwanamume tangu alipoanza kujitegemea. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilidhani ni mitindo.

Alicheka kwanza. "Ulimbana magotini, mama?"

"Sasa nimbane wapi? Na alikuwa ametulia kabisa, ndipo akaniuma, mnafiki yule."



"Hakutulia, mama. Alinyamaza." Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Hata mimi nilikuwa nanyamaza. Nilikuwa nahesabu misumari ya dari mpaka umalize. Mia moja na kumi na minne."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema uzuri unauma."

Nilikaa na simu ile mkononi muda mrefu baada ya yeye kuaga. Nikamwona ana miaka saba, siku za Jumapili, amejificha nyuma ya pipa la maji, nami namtafuta na chanuo huku nacheka. Nikimpata nilimtegea vitendawili ili asilie, na kweli hakulia. Wanawake waliokuja kusukwa walimsifu: mtoto mtulivu huyu. Nami nilichukua sifa ile nikaitia mfukoni kama yangu. Msusi hupenda kichwa kisichotikisika. Miaka thelathini na minane, na sikuwahi kuinama kutazama uso ulio chini ya kichwa.

Jumanne sikushika mkasi. Nilimtoa Kisebusebu uani akakimbia mpaka ulimi ukaning'inia, kisha nikakaa chini, sakafuni, chumbani kwa wifi, mahali ambapo mbwa angeweza kumwona. Magoti yanalia, lakini nikakaa. Nikaweka chanuo mbele yangu, na vipande vya maini ya kuchemsha, vidogo kama punje za maharage. Akatoka uvunguni kwa tumbo. Akanusa chanuo. Nikampa ini. Akanusa tena, nikampa. Siku nzima tulifanya hilo tu, na mara tatu nilitaka kulia kwa uchungu wa muda unaopotea.

Jumatano nikapitisha chanuo mgongoni, mara moja, pasipouma, nikaondoa mkono. Akapiga miayo. Nikafikiri ana usingizi, nikapeleka mkono tena.

"Ba... si," alisema wifi.

Nikageuka. Alikuwa ametutazama, na ameinua vidole viwili vya mkono wa kushoto juu ya shuka.

"Anapiga miayo tu, wifi."

"A-na-ogo-pa." Jasho likamtoka kwa neno lile moja. Kisha, ulimi mzito, lakini ukali wa ubaoni umo ndani yake: "Ta-za-ma."

Basi nikaanza kutazama. Mbwa akilamba midomo na hakuna chakula, vidole vya wifi vinapanda. Akigeuza kichwa, vinapanda. Nami naacha, nangoja, mpaka mbwa mwenyewe asogee. Mkasi nikaufungua na kuufunga mbali, kule mlangoni, kila mlio kipande cha ini, kisha hatua moja karibu. Kifundo nikakilainisha kwa mafuta, nikaingiza kidole changu katikati ya ngozi na manyoya, ili nikikosea nijikate mimi. Kidogo, napumzika. Kidogo, napumzika.

Alhamisi tulipofika masikioni, ili nijitulize mwenyewe nikasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, "Kitendawili."

"Te-ga," likaja jibu kitandani.

"Shamba langu sipandi wala sipalilii, kila nikivuna linachipua."

Nikakata uzi mmoja wa manyoya, wa pili. Mbwa alikuwa amelaza kidevu kwenye kifundo cha mguu wangu.

"Nywele," akasema. Akapumua. "Cha... wa-to-to."

"Basi tega wewe, mwalimu, kama ni cha watoto!" nikamwambia, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Jioni ile alikunywa uji, nusu kikombe.

Ijumaa ilibaki miguu. Mitatu ikakubali. Wa nyuma, wa kushoto, kifundo kilikuwa kimekaza mpaka kwenye paja, na kila nikikaribia Kisebusebu aliuvuta mguu akaningurumia kooni. Nikajaribu asubuhi, nikajaribu adhuhuri. Jua likaanza kuinama dirishani. Kesho muuguzi. Nikahisi magoti yangu yanasogea yenyewe. Nilijua kabisa jinsi ya kumshika, dakika mbili tu, na ni mara ya mwisho, na ni kwa faida yake. Mkono wangu ulikwishafika shingoni kwake.

Vidole viwili vya wifi vikapanda juu ya shuka.

"Akifukuzwa je?" nikamwuliza. "Kwa ajili ya mguu mmoja?"

Vidole havikushuka. Nikaweka mkasi chini. Usiku ule nilimchukia wifi kama zamani.

Muuguzi alikuja saa tatu asubuhi, ana haraka. Kisebusebu alisimama katikati ya chumba, mabaka matupu, kama kuku aliyenyonyolewa na mlevi, na mguu mmoja umevaa soksi ya manyoya. Muuguzi akapeleka mkono juu ya kichwa chake.

"Ngoja, sista, tafadhali. Usimtokee juu. Chuchumaa akunuse kwanza."

Akanitazama, akatazama saa, akachuchumaa. Mbwa akamnusa vidole, kifundo cha mkono, pindo la sare. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini miguu haikukimbia. Muuguzi akamfunua masikio. Akampapasa kwapani, tumboni. Alipofika mguu wa nyuma, mdomo wa mbwa ukainuka, jino moja likaonekana, na muuguzi akainua macho kwangu.

Ningeweza kumwambia shika tu, haumi. Nilifungua kinywa niseme hivyo.

"Hapo bado," nikasema. "Hapo tunamwomba. Hajakubali."

Akakaa vile kidogo, mkono hewani. Kisha akaurudisha.

"Ngozi imeanza kupona," akasema, akasimama, akaandika kitu katika daftari lake. "Mguu huo nitauona wiki ijayo. Lakini kitandani hapandi mpaka kidonda kifunge. Alale kwenye kikapu, pembeni."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, Kisebusebu alikuwa ndani ya kikapu, na mkono wa kushoto wa wifi unaning'inia ukingoni mwa kitanda, karibu na pua yake. Wifi alikuwa analia bila sauti. Nikajifanya sioni. Nikachemsha maji, nikaleta beseni, sabuni na kitambaa, kwa kuwa muda wa kumwosha ulikuwa umepita. Nikakamua kitambaa. Nikamwinua ule mkono wa kulia kama nilivyouinua kila asubuhi kwa miezi mitatu, upesi, kwa mkupuo mmoja, ili tumalize. Naye akanyamaza, kama kila asubuhi.

Nikaurudisha mkono pale ulipokuwa.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka mvuke ukaisha kwenye beseni.

"Wifi," nikamwambia. "Huwa nakuumiza?"

Alikuwa anautafuta ulimi wake, nami sikumsaidia.

"Ta-ngu... siku ya kwa-nza."

Maji yalikuwa yamepoa. Ningepaswa kwenda kuyapasha, na nilitamani sana kwenda kuyapasha.

"Wapi?" nikauliza.

Akainua mkono wake mzima, akaanza na bega.