Gia za Bi Mkubwa

Kwa maneno yake mwenyewe, Mzee Gia alikuwa na wake wawili. Bi Mkubwa ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, aliyoinunua kabla hajaoa. Bi Mdogo ndiye mkewe wa ndoa, muuza miche ya miti, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuruhusiwa kugusa usukani.

"Bi Mkubwa hataki mkono mgeni," mumewe alipenda kusema. Na kweli gia ya pili ilikuwa na tabia ya kuchomoka njiani, mpaka uizuie kwa goti la kushoto. Mguu huohuo ndio uliokanyaga klachi, na klachi yenyewe ilikuwa ngumu kama deni la ndugu. Mwishowe goti likavimba. Mkewe akaomba afundishwe kuendesha. Mzee akajibu kwamba mguu ukigoma kabisa, Bi Mkubwa ataenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini hataendeshwa na mtu mwingine yeye mzee akiwa hai.

Maneno hayo yalimuuma mama wa watu, tena sana. Leseni alikuwa nayo! Aliisomea kimyakimya kwenye gari la otomatiki la shule ya udereva, lisilo na klachi na linalojibadilishia gia lenyewe, huku nyumbani akiaga kwamba anakwenda kufuata mbolea. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka duniani: kupakia miche yake mwenyewe na kuipeleka mwenyewe, bila kumbembeleza mtu.

Basi injini ya Bi Mkubwa ikaanza kutoa moshi, na mzee akakubali iwekwe nyingine kubwa zaidi. Kazi akampa mdogo wake, fundi mwenye gereji jirani na nyumbani. "Injini weka kubwa upendavyo," alimwagiza. "Gia usiguse." Akaenda kwa dada yake kupumzisha goti.

Hata vumbi halijatulia, mkewe alikuwa gereji na chupa ya chai.

"Shemeji, hiyo injini imekuja na gia boksi gani?"

"Otomatiki. Lakini mzee kakataza, nitairudishia ile ya zamani."

"Mzee yuko wapi?"

"Shemeji, ataninyonga."

"Atakunyonga kwa jambo asilolijua?"

Fundi alimtazama, akatazama chai, akaanza kucheka kama mtoto aliyeona dirisha la jirani limeachwa wazi.

Kazi haikuwa mchezo. Injini ile ilijaa bonde lote la boneti. Ikabidi mashikio ya injini ya zamani yakatwe, yachomelewe mengine, rejeta isogezwe mbele, na propela, ile fito inayozungusha magurudumu ya nyuma, ipunguzwe urefu kwa sababu gia boksi mpya ilikuwa ndefu. Yote hayo fundi aliyafanya kwa adabu. Utundu ulikuja mwishoni. Pedali ya klachi aliiacha palepale, ikakaa juu ya springi isiyosukuma kitu. Mkono wa gia wa zamani akauchomelea mahali pake na kuufunga waya: ukiupeleka kwenye gia ya kwanza gari linakwenda mbele, ukiupeleka kwenye rivasi linarudi nyuma. Gia nyingine zote zilikuwa hewa: ukizipitia, gari linaendelea mbele lenyewe.

Mzee akarudi, akawasha, akaondoka. "Klachi imekuwa laini," alisema.

"Mpya hiyo, kaka," fundi alijibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti ya gari lingine.

Wiki hiyo nzima benchi la kinyozi, kijiwe cha mzee, halikupumua. "Injini kubwa haitaki papara," mzee aliwaambia wenzake. "Inataka mkono unaosikia. Ukichelewa kidogo kuingiza ya tatu, umeiua." Ng'ambo ya barabara mkewe alimwagilia miche akijing'ata mdomo asicheke.

Kicheko kilimwisha alipomwona mumewe anashuka garini bila kuchechemea. Goti lilikuwa linapona! Kwa raha ile mzee angeendesha mpaka mwisho wa dunia. Bi Mdogo alikuwa amejichimbia shimo mwenyewe, na hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya kupeleka miche shuleni, walipanda mlima wakiwa wamejaza mzigo. Mzee akakanyaga klachi, akautupa mkono kwenye ya pili kwa nguvu, akaukandamiza kwa goti kama zamani. Kukatokea mlio mdogo. Mkono wa gia ukabaki mkononi mwake, mzima, na kirungu chake.

Gari likaendelea kupanda.

Walipofika kileleni, mzee akakanyaga breki.

"Mke wangu, hiki ni nini?"

"Mkono wa gia."

"Na hili gari limepandaje?"

"Kwa otomatiki, mume wangu. Tangu ulipotoka kwa dada yako."

Mzee alikasirika kweli, mashavu yakamcheza. "Kesho naipeleka kwa wa chuma chakavu."

"Ipeleke. Na wale wa kwa kinyozi wakiniuliza sababu, niwaambieje? Ule mkono unaosikia, ulikuwa unasikia nini?"

Mzee alitazama ule mkono wa gia. Halafu tumbo likaanza kumtikisika, kicheko kikamtoka bila ruhusa yake.

"Leseni unayo?"

Akaitoa kwenye mkoba. Mzee akaisoma tarehe. "Mwaka juzi?"

"Zile safari za mbolea."

"Ndiyo maana haikuwa ikifika."

Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka na kuzunguka upande wa pili, naye mkewe akasogea nyuma ya usukani. Akawasha. Mzee alikaa wima kwenye kiti cha abiria, mkono wa gia ukiwa mapajani, na walipoanza kuteremka akausukuma hewani.

"Hapa weka ya pili."

Mkewe hakuwa na ya pili ya kuweka. Akaikanyaga ile pedali isiyo na kazi mpaka chini.

"Nimeweka."

"Izuie kwa goti," mzee alisema, naye mkewe akapeleka goti la kushoto pale palipokuwa na mkono wa gia.